Kunguru Anajisifia Mishono Yangu

Leo ni Jumapili ya pili ya Oktoba, miaka kumi na sita na miezi minne tangu niondoke Tanga. Admin, asante kwa kunifichia jina. Nina umri wa miaka hamsini na moja, shule niliishia darasa la saba, naishi Takoma Park, Maryland. Nafanya kazi kwa dobi, chumba cha nyuma, kwenye cherehani. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, narudishia vifungo vya mashati ya watu wa ofisini, saa kumi kwa siku. Mgongo umekwisha.

Jambo langu wengine mtalicheka. Chekeni tu, nimeshazoea. Mimi ni goth. Kwa wasiojua, ni watu wa kuvaa nyeusi tupu, buti nzito, wanja mzito machoni wanaume kwa wanawake, na kusikiliza muziki wa huzuni. Si ibada ya shetani, kama alivyodhani marehemu mama yangu. Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, pale mwalimu mmoja wa kujitolea, mgeni, alipoondoka akaniachia kanda saba za muziki huo. Nguo nyeusi sikuwa nayo. Nilichukua koti la mtumba la rangi ya maziwa nikalipaka unga wa betri kuukuu, ule tuliokuwa tunapakia ubao shuleni. Nikitoka jasho, shingo yote masizi. Mtaani wakaniita Mzee wa Makaburini. Nililivaa hivyo hivyo miaka mitatu.

Huku nimepata wenzangu. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, tunakutana kwenye bustani moja kule Fairfax, watu ishirini hivi, wengi wanafunzi wa chuo. Kwao heshima inatokana na mambo mawili: ulianza lini, na nguo yako umeishona mwenyewe au umeinunua. Aliyenunua wanamwita wa bandia. Mimi niliwaambia nafanya kazi ya mavazi. Wakadhani ni mbunifu mkubwa, na mimi sikuwasahihisha. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Kiongozi wao ni binti wa miaka ishirini na tatu. Amejipa jina la ndege, na mimi nitamwita Kunguru, kwa sababu kwetu ndege huyo tunamjua kwa kudokoa samaki jikoni kwa watu. Jumamosi ya juzi, siku nane zilizopita, alinisimamisha mbele ya wote.

"Baba, samahani, umekuja kumchukua mwanao?"

Wakacheka. Nikamwambia mimi ni mwenzao, nimeanza kabla yeye hajazaliwa.

"Wapi? Afrika? Huko kulikuwa na goth, au kulikuwa na misiba tu?" Wakacheka tena. "Na hilo koti umenunua wapi? Ona, baba. Hili langu nimeshona wiki tatu kwa mkono. Vidole vilitoka damu."

Akageuka ili tulione koti lake. Nikaona mishono kwa karibu, mara ya kwanza. Ndugu zangu, ilikuwa mishono yangu. Kila fundi ana namna yake ya kufunga uzi, na mimi nafunga kama alivyonifundisha mjomba: mafundo matatu, la mwisho limelala kushoto. Nilitaka kusema, lakini ningesema nini? Kwamba mimi ndiye mshona vifungo wa kwa dobi? Akanipiga picha, akaiweka kwenye kundi letu la simu: "Babu amepotea njia ya kwenda kliniki." Watu kumi na wanne wameipenda, na kati yao wapo niliowarekebishia nguo bure.

Kazini napokea nguo kutoka kwa Mama Furaha, mwenzangu wa Bukavu anayekaa kaunta. Kwa miezi minane amekuwa akiniletea makoti ya mteja mmoja wa College Park, mapya, yametoka dukani. Maagizo ni yale yale: toa lebo zote, fumua, shona upya kwa mkono, vibaya, mishono ipindepinde. Mama Furaha alikuwa akicheka, "Papa, ule wa kushona ovyo amerudia!" Mimi fundi wa miaka thelathini nililipwa kushona vibaya, na sikujua kwa nini.

Jumanne iliyopita mteja huyo alikuja. Nikachungulia katikati ya mashati yaliyotundikwa. Sweta ya njano, nywele za kahawia, uso hauna hata wanja, lakini sauti ni ile ile. Alileta koti jingine la kuvaa Jumamosi hii, siku ya kuonyesha nguo za kujishonea. Hakimu ni nani? Yeye.

Nilimsimulia Mama Furaha yote. "Weye mutu muzima, kitoto kinakuchekelea, unanyamaza juu ya nini? Mupatie dawa yake!"

Nimeshaichemsha. Koti lake nimelishona kama alivyotaka, sikuliharibu, mimi si mhuni. Lakini lebo za makoti yake yote sikutupa hata moja, zilikuwa kwenye kopo la vifungo, kumi na moja, zote za duka lile lile. Nimezishona mgongoni mwa kizibao changu cheusi, mstari kwa mstari, kwa mafundo yale yale. Akikanusha, nitaomba wayalinganishe na ya koti lake. Watajua mimi ni fundi wa kwa dobi. Wajue. Bosi wangu akinifukuza, anifukuze.

Anayetaka kuniambia nisamehe asijichoshe kuandika. Ninachowauliza ni kimoja tu: niingie bustanini kizibao nimekiacha wazi tangu mwanzo, kila mtu asome, au nikifiche ndani ya koti hadi Kunguru asimame kuhukumu nguo za wenzake, ndipo nivue na kumpa mgongo? Nijibuni kabla ya Ijumaa.

Tanga narudi wiki ya kwanza ya Desemba, tiketi nimeshakata. Jumamosi inatangulia.