Mgonjwa Hali Peke Yake

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, homa ya mafua iliniangusha katika baridi ile ya Julai, ambayo Nairobi huiona kila mwaka na kuistaajabia kila mwaka. Tuliishi Mowlem, chumba kimoja katika ploti yenye milango iliyotazamana, na koridoo katikati iliyokuwa na giza hata mchana. Baba alikuwa dereva wa lori, wa kuonekana kwa nadra. Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha biskuti, na kibarua asiyefika langoni asubuhi alikuta nafasi yake imeshapewa mwingine. Kwa hiyo niliugua peke yangu.

Si kwamba Mama hakujali. Kabla ya kutoka aliniachia themosi ya uji wa wimbi, jagi la maji ya ndimu na tangawizi, ndizi mbivu, na yai la kuchemsha, ambalo kwetu lilikuwa chakula cha wageni. Alivipanga vyote kwenye stuli kando ya kitanda.

"Kunywa hata kama husikii hamu," aliniambia akifunga leso kichwani. "Mafua hayaogopi dawa. Yanaogopa tumbo lililoshiba."

Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi. Baada ya hapo watoto wenzangu walienda shule, watu wazima wakaenda kutafuta riziki, na ploti karibu nzima ikanyamaza.

Niliketi, nikamimina uji kikombeni. Mvuke uliponigusa uso, nikakumbuka maneno ya Kukhu.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma. Likizo ya Aprili nilikuwa nimemkuta akila pamoja na binamu yangu aliyeshikwa na malaria. Yeye mwenyewe alikuwa ameshiba, lakini alijilazimisha tonge kwa tonge. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho.

"Mgonjwa hali peke yake. Akila peke yake, ugonjwa huketi upande ule mwingine wa sahani, ukala naye. Ukishazoea chakula cha nyumba hiyo, nani ataufukuza?"

Kijijini, kwenye jiko lililojaa watu, maneno hayo hayakunitisha. Mowlem yalinitisha. Upande wa pili wa stuli kulikuwa na kiti cha Mama, kitupu. Nilikitazama mpaka uji ukafanya utando. Sikuthubutu hata kunywa maji.

Jioni Mama alikuta uji wote umebaki.

"Mbona hukunywa, Nasimiyu?"

"Sikuwa na njaa."

Ningemwambia nini? Kwamba asiende kazini? Alinilisha vijiko kadhaa, kisha akasinzia akiwa ameketi, kijiko mkononi.

Kesho yake niliachwa tena na stuli yangu. Kufikia mchana midomo ilikuwa imepasuka na ulimi umekuwa mzito kama si wangu. Nilitoka kwenda chooni, mwisho wa koridoo. Kuta zikayumba, nikaanguka.

Aliyeniokota ni Mzee Mutua, jirani wa mlango unaotazamana na wetu. Alikuwa Mkamba mchonga vinyago, mtu wa maneno machache, aliyekaa mlangoni kwake kutwa akisugua vifaru na twiga kwa msasa. Alinilaza kitandani, halafu akaona themosi, jagi, ndizi na yai.

"Umekula?"

"Bado."

"Na chakula kiko hapa. Unajinyima kwa nini, mtoto wangu?"

Labda ni ule udhaifu uliofungua mdomo wangu. Nilimweleza yote. Hakucheka. Alikitazama kile kiti.

"Nyanya yako anajua kitu," akasema.

Aliufungua mlango wote ili kila apitaye atuone, akavuta stuli hadi karibu na kizingiti, akanisogeza nami hapo, kisha akaketi kwenye kigoda chake. "Mimina vikombe viwili."

Tulikunywa. Nilipopumzika, naye alipumzika, kikombe kikiwa magotini. Nilipoendelea, aliendelea. Tukanywa na maji ya ndimu. Nilimpa nusu ya yai, akaila taratibu, kama mtu aliyetumwa kazi na hataki kuiharibu. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nywele za mikono.

"Mke wangu aliugua kwenye ploti hii hii," akasema baadaye, akitazama koridoo. "Nilikuwa naenda kazi. Nikirudi nakuta chakula vile nilikiacha. Nikadhani ni ugonjwa umemnyima hamu."

Nikammiminia uji mwingine.

Mama aliporudi, alimkuta bado kizingitini.

"Mama Nasimiyu, mtoto amekula," akamwambia. "Kesho nenda tu kazi. Mimi niko hapa."

Mama alimshukuru. Akageuka kuwasha stovu.

Tangu hapo kila mchana Mzee Mutua aliacha vifaru vyake akaja. Siku nyingine alileta supu ya mifupa, siku nyingine muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyochemshwa na maharagwe. Nguvu zikanirudia kidogo kidogo. Siku niliyoomba chapati, Mama alicheka, na kesho yake nikarudi shule.

Mwisho wa mwaka Mzee Mutua alirudi kwao Machakos. Nilitoka shule nikakuta chumba chake ki wazi, sakafu imefagiwa. Sikumwona tena.

Leo najua mafua ni virusi, na kwamba mgonjwa anahitaji maji mengi, chakula chepesi na usingizi. Najua hakuna kitu kilichoketi kwenye kiti cha Mama. Lakini nimekuja kuamini kwamba Kukhu hakuwa akiwatisha wagonjwa. Alikuwa akiwatisha wazima, ili waache majembe yao waje kuketi.

Mwaka jana mafua yalinilaza tena. Sasa naishi mtaa wa Kware, ghorofa ya juu, na simjui jina mtu wa nyuma ya ukuta wangu. Nilijichemshia supu, nikainywa yote, nikalala, nikapona. Kukhu hakuwahi kuniambia mgonjwa asiye na mtu afanye nini. Nadhani maishani mwake hakuwahi kumwona mtu wa namna hiyo.