Kifafa Kinapoanzia

Usiku ule usingizi ulinibeba nimekaa, mgongo umegota ukutani mwa wodi, miguu imevimba. Nilichoka mie, hata wa kumlalamikia sikumjua.

Kitandani alilala binti yangu Mwanaidi, kichwa chote nyaya, kamera ikimtazama toka juu. Dawa zake za kifafa madaktari walizipunguza makusudi, ili kije, waone kinaanzia upande gani wa ubongo. Pasipojulikana, hakuna upasuaji. Basi mimi niliyemwomba Mungu miaka nenda miaka rudi kisije, nikawa namwomba kije. Na mchana kilikuja kweli. Mkono wangu ukatangulia akili: nikamtupia kanga, nikamfunika gubigubi, kama marehemu mama yangu alivyonifundisha. Daktari aliporudia kutazama picha za kamera akaona kanga tu.

"Mama, huwa kinaanzia kiungo gani? Hicho ndicho kitatuonyesha upande," akaniuliza, bila ukali.

Mtoto nimemzaa mwenyewe, na sijui. Niliona haya.

Sasa, katika usingizi ule, mama akaja. Hakubisha hodi. Alivaa gauni lake la kushindia, mikono ina unga, kana kwamba katoka kukanda maandazi. Nikamfuata, na wodi si wodi tena, ni uani kwetu. Mwanaidi ni mdogo, ameanguka karibu na jiko, majirani wamejaa mlangoni. Natafuta kanga. Mama ameikalia.

"Inuka mama, watu wanamwona."

"Waache wamwone."

"Si wewe uliyenifundisha kumsitiri?"

Ananitazama. Sijapata kumwona amechoka vile, hata siku aliyokata roho.

"Nilikuwa najisitiri mimi," anasema. "Mtoto hakuwa na aibu yoyote."

Namkasirikia. Nataka kumuuliza mbona hukuyasema ungali hai, ukaniachia mzigo huu peke yangu. Lakini majirani wameshaingia uani, wamevaa makoti meupe, wameinama kimya juu ya mwanangu kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka mkekani. Hakuna anayecheka. Mama ananisukuma begani kwa mkono wake wenye unga.

"Nawe tazama."

Nikashtuka. Feni ilikuwa inazunguka, shingo inaniuma. Mwanaidi alikuwa amefumbua macho, lakini hakuwa akiniona. Kimekuja. Nikabonyeza kengele. Mikono yangu ikataka kwenda kulekule ilikozoea. Nikaizuia, Mungu ndiye anayejua nilivyoizuia, nikamtazama mwanangu toka mwanzo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Nesi alipoingia alinikuta nalia, akadhani nimeogopa.

"Kidole gumba," nikamwambia. "Cha mkono wa kushoto. Ndicho kilichotangulia kutikisika."