Breki Husetiwa Umeme Ukikatika

Mashine ya kukoboa mpunga haikuzimika ghafla. Ilishuka taratibu, vuuuu, vuuu, vu, halafu mkanda wake ukapiga mara mbili za mwisho, pa, pa, na mtaa mzima ukanyamaza. Hadi leo nausikia mkanda ule. Majirani walisonya. Sisi wa gereji tulirukia spana.

Ni hivi. Gereji yetu ilipakana na mashine hiyo, na breki za magari ya zamani, zile za dramu, husetiwa kwa sikio. Unainua gurudumu kwa jeki, unakaza bolti ndogo iliyo nyuma yake huku unalizungusha, mpaka likwame kabisa. Halafu unalegeza kidogo kidogo mpaka lizunguke, na ndani ubaki mnong'ono tu, shwa, mara moja kila mzunguko. Ukisikika mzunguko mzima, breki inabana muda wote, itapata moto njiani na gari litavutia upande. Sasa mnong'ono huo utausikiaje mashine ikinguruma? Kwa hiyo Ifakara nzima ilipolalamika umeme umekatika, sisi tulishangilia.

Siku hiyo tulikuwa na gari la mwalimu mmoja mstaafu, gari lenye umri mkubwa kuliko mama yangu. Kesho yake alikuwa anakwenda Malinyi kumposea mwanawe, na alitaka afike ukweni na gari lile lile alilomchukulia mkewe.

"Watu wananiambia nilipeleke Morogoro," alimwambia fundi wangu. "Nikawaambia huko kuna vipimo, lakini hakuna sikio lako."

"Sikio hili siku nikifa mlikate, mbaki nalo," fundi akajibu, wakacheka.

Mimi nilikuwa na mwezi wa nne pale. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza na alama za kuombea radhi, ila kichwani nilishakuwa na gereji yangu, hata rangi ya bango nimechagua: chungwa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Basi fundi aliposema, "Binti, lala huku chini, shika spana," nililala mchangani na sketi yangu ya kanisani, wala sikujali.

Alizungusha gurudumu, nikalegeza bolti.

"Unasikiaje?"

"Shwa moja, mzee."

"Moja kweli?"

"Moja."

"Haya, umefaulu. Lingine."

Magurudumu matatu nilifaulu. Mtihani mtamu kama ule sikuwahi kuufanya shuleni.

La nne alisema atalifanya mwenyewe, mwalimu aone. Akakaza, akalegeza, akazungusha, akainamisha kichwa mpaka karibu na tairi.

"Hii imekaa," akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma, na nilisikia shwaaaa, mzunguko mzima bila kukatika. Nikamtazama. Naye alikuwa anautazama mdomo wangu. Ndipo nikaelewa kwamba ule wa magurudumu matatu haukuwa mtihani.

"Si nilisema?" mwalimu akafurahi. "Sikio la fundi."

Nikisema, kabla ya jioni mji mzima ungejua kuwa fundi hasikii tena, na nani angemletea gari? Nikinyamaza, mwalimu angeondoka na gurudumu linalobana, na mkewe pembeni.

"Vipi, binti?" mwalimu akaniuliza. "Uso umebadilika."

"Njaa tu, mwalimu."

"Basi njoo tukanywe chai wote."

"Tangulieni, nakusanya vifaa."

Wakaenda. Fundi hakugeuka nyuma. Spana, ambayo siku zote huirudisha mfukoni mwake, alikuwa ameiacha inaning'inia kwenye bolti.

Umeme ungeweza kurudi dakika yoyote. Nikajitupa chini, nikalegeza kiasi cha unywele mmoja, nikazungusha. Bado. Unywele mwingine. Shwa. Nikazungusha tena, na tena, nihakikishe. Moja.

Nikafuta alama za vidole vyangu kwenye ile bolti kwa tambara, kisha nikashusha jeki.