Mama Alipokwenda Kukipima Chuo

Mama ni fundi cherehani, na hakati kitambaa kabla ya kumpima mtu. Dada yangu alipopata nafasi chuo kikuu cha serikali, majirani walishangilia, Mama akaendelea kushona. Dada ana sauti ndogo. Hata dukani huambiwa arudie.

"Kule watu ni kama siafu," Mama alisema. "Twende nikakuone ukiwa ndani yake."

Tukaenda sote watatu. Tulikuta ukumbi mkubwa wenye viti vilivyopangwa kwa ngazi, wanafunzi wametoka. Mama akasimama pale anaposimama mwalimu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akamtuma Dada akakae kiti cha nyuma kabisa.

"Haya mwanangu, niulize swali."

Dada akanong'ona.

"Sisikii! Umemeza ulimi?"

Mfagizi aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko. Dada akasimama, macho yamemwiva.

"Mama! Nimeuliza, utaniacha nisome hapa au huniachi?"

Ukumbi mzima ukaitika. Hata mimi nilishtuka, maana sauti ile sijawahi kuisikia nyumbani.

Mama akapanda ngazi polepole mpaka kwake, akamnyoosha kola.

"Chuo kinakupwaya kidogo," alisema. "Lakini utakijaza. Twende tukakuandikishe."