Springi Ngumu za Mayunga

Binamu yangu Mayunga hakuwa mchoyo. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi, akiwa nyuma ya usukani na kioo kimepandishwa. Mchoyo, alisema, ni mtu mwenye kitu anayekataa kutoa. Yeye alikuwa na pikapu tu, na pikapu ni kazi. Ndugu aliyesimama kando ya barabara na kuku wake mkononi alitakiwa aielewe tofauti hiyo huku vumbi likimshukia.

Mimi nauza chai na chapati mjini Bariadi, ubavuni mwa gereji ya fundi Constantine, kwa hiyo habari za pikapu ile nazijua kuliko nilivyoomba kuzijua. Ilikuwa kuukuu, ya foo-wili, rangi yake hakuna anayeikumbuka, lakini ilipita kwenye tope jeusi la mbugani ambako magari mapya yalikwama. Msimu wa pamba Mayunga alikuwa anaijaza magunia mpaka nyuma ikalala. Na watu wa kwetu, ambao wamekulia mnadani, hulitazama gari wanavyomtazama ng'ombe, yaani wanaanzia nyuma. Siku moja kwenye kituo cha kununulia pamba mzee mmoja aliizunguka pikapu ile, akatikisa kichwa, akasema imechoka kiuno. Watu wakacheka. Mayunga hakula chakula cha mchana siku hiyo, nami ndiye niliyebaki na sahani yake.

Kesho yake akaja gereji na vyuma. Springi za nyuma za gari kama lile ni vyuma bapa virefu, vimepinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja kwenye ekseli. Ukitaka gari libebe zaidi unaongeza vyuma. Mayunga alikuwa amenunua vya lori bovu, mzigo mzima.

Constantine akaviinua kimoja kimoja. "Hivi ni vya lori, kaka. Nikikuongezea kimoja kila upande, utabeba vizuri. Nikiweka vyote, likiwa na mzigo litatulia, lakini likiwa tupu litarusha watu."

"Watu gani?" Mayunga akauliza.

"Watakaopanda."

Mayunga akafikiri kidogo. "Basi weka vyote."

Nilikuwa nasukuma chapati, nikasikia kila neno, nikajua ukoo wetu umekwisha.

Kazi ilipomalizika pikapu ilikuwa imeinua makalio, na taa za mbele zinatazama chini kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Mayunga aliizunguka, akaipiga kofi la nyuma kama anavyopigwa dume la kuuza, akaondoka amefurahi. Ilirukaruka mpaka ikapotea barabarani.

Wiki hiyo hiyo dada yangu Lucy akaomba lifti kutoka kwetu Migato kuja mjini na trei la mayai. Kwa mara ya kwanza Mayunga hakukataa. Alimfungulia mpaka na geti la nyuma. Lucy alifika na ute wa mayai mapajani, amejing'ata ulimi, hawezi hata kutukana. Habari hizo zilifika Migato kabla yake. Tangu hapo hakuna ndugu aliyeomba lifti, na Mayunga akapata usemi mpya: "Mimi sijamkataza mtu. Mnakataa wenyewe."

Aliyeumizwa zaidi ni Maganga. Baba yake na baba wa Mayunga ni ndugu wa tumbo moja, na Maganga ni mkubwa kwa umri na mkubwa kwa kila kitu kingine. Kiti cha plastiki hakimpi uhakika. Kwenye harusi moja, mbele ya wakwe, Maganga alimwuliza Mayunga kama angeweza kumfikisha mjini kesho yake. Mayunga akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Bwana mkubwa, wewe si abiria. Wewe ni mzigo, na mzigo wa aina yako sijaupangia msimu." Wakwe wakacheka. Maganga naye akacheka, maana ungefanya nini mbele ya wakwe, lakini hakumsogelea tena. Mimi sikucheka. Nilitamani kummwagia mchuzi.

Mwaka huu, mvua za Februari zikiwa zimekolea, shangazi yangu Nyanjige, mama yake Mayunga, akateleza akitoka kuchota maji, akavunjika paja. Nilifunga biashara nikapanda bodaboda. Njiani Mayunga akanipita na pikapu, yuko peke yake. Alinipungia mkono.

Nilipofika Migato uwanja ulikuwa umejaa ndugu. Mganga wa zahanati alishaufunga mguu kwa mbao. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama kwenye tope ng'ambo ya mto, kwa hiyo mganga akatuambia mama apelekwe Bariadi kwa pikapu hiyo, ila alale chali na asitikiswe. Aliposema asitikiswe, sote tukamtazama Mayunga. Mayunga akatazama chini.

Tukamlaza shangazi kwenye godoro nyuma ya pikapu. Mayunga akaendesha kwa mwendo wa kinyonga, lakini hata kabla hajatoka uwanjani nyuma iliruka, na shangazi akapiga yowe. Huyu ni mama ambaye alijifungua watoto wake wote bila majirani kusikia. Yowe lile lilinitia hofu ambayo sijawahi kuisikia, nikaanza kulia hapo hapo.

"Nishusheni," alisema akihema. "Nitafia hapa, pasiporuka."

Mayunga alikuwa ameshashuka, uso umemparama. "Mayu, inataka mzigo," akamwambia mama yake. "Ikipata mzigo inatulia. Fundi aliniambia."

Lakini Februari mzigo unautoa wapi? Mahindi yameisha, pamba bado iko shambani inatoa maua, maghala yana panya tu. Mayunga akashika jembe na magunia matupu, akaanza kuchimba udongo.

"Huo udongo wa nini?" shangazi akauliza kutoka kwenye godoro.

"Nijaze magunia, mayu. Niyapange pembeni yako."

"Mtu anayelazwa chali katikati ya udongo anajulikana ni nani. Mimi bado, ng'wanone."

"Basi mawe."

"Mawe yanakuja baada ya udongo. Unaniharakisha."

Mayunga akaweka jembe chini. Kisha akalitoa neno kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni: "Inataka watu."

Watu walikuwepo, tena wengi. Wangepanda wote kwa ajili ya shangazi, hilo nalijua. Lakini hakuna aliyenyanyua mguu.

"Kwani hilo gari linabeba watu siku hizi?" Lucy akauliza taratibu, kwa ule ulimi aliojing'ata.

"Naombeni mpande," Mayunga akasema. "Nawaomba."

Wakaanza kupanda, wanawake wakilizunguka godoro. Mimi nikakaa kichwani kwa shangazi. Mayunga akalijaribu gari mbele kidogo. Bado lilikuwa gumu, na shangazi akaniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo macho ya wote yakaelekea ukutani, alikokuwa amekaa Maganga, juu ya kinu.

Mayunga akaenda mpaka mbele yake, akainama kama inavyotakiwa umwinamie mkubwa wako unapomwamkia. "Mwadila, kaka."

"Mwadila."

"Kaka, naomba na wewe upande."

Maganga akamtazama bila haraka. "Leo nitakuwa abiria au mzigo?"

Nilimwona Mayunga akigeuka, akamtazama mama yake, akarudi kumtazama Maganga. Angeweza kusema uongo mzuri. "Mzigo, kaka," akasema. "Naomba uwe mzigo."

"Hapo umesema ukweli," Maganga akasema, akainuka kwenye kinu. Alipopanda, nyuma ya pikapu ilishuka, tuliiona kwa macho, mara ya kwanza bila pamba tangu siku ile ya gereji.

Safari ilikuwa laini. Tuliyumba kwenye mashimo kama watu walio kwenye kitanda cha kamba, na shangazi akaacha kuniminya. Lucy akaanzisha pambio la kanisani, tukampokea. Mbele Mayunga alikuwa peke yake, kwa kuwa uzito wote ulitakiwa nyuma, na alikuwa ameshusha kioo ili asikie kama mama yake analalamika. Kijana mmoja aligonga bodi akitaka kushukia njiani. Mayunga akatoa kichwa dirishani: "Hakuna kushuka." Mbele zaidi akasimama mwenyewe kwa wanawake wawili waliokuwa wanatembea na vikapu, akawasihi wapande. Walitazamana, wakaitazama pikapu, wakauliza ina tatizo gani. Tulifika Bariadi tumejaa mpaka kwenye geti, na shangazi alikuwa anaimba.

Alitibiwa, akakaa wodini wiki kadhaa. Nilikuwa nampelekea uji na chai, na siku moja nikampelekea na habari: Mayunga amekuja gereji, amemwambia Constantine avitoe vyuma vyote vya lori, mama arudi nyumbani kwa raha. Shangazi akasema niende nikamwite.

Akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono ya grisi.

"Umevitoa?"

"Bado, mayu. Constantine anaanza mchana. Gari litakuwa laini hata likiwa tupu. Tutarudi mimi na wewe tu, bila zile kelele."

"Mimi kelele zile zilinifikisha." Shangazi alijiinua kidogo kwenye mto. "Tangu ununue hilo gari sikuwahi kukusikia ukimwita Maganga kaka. Nimelisikia neno hilo siku nilipovunjika. Ukivitoa vyuma, utamwita tena lini, mpaka nivunjike mguu wa pili?"

Mayunga akaitazama mikono yake.

"Viache," shangazi akasema. "Walionileta ndio watakaonirudisha. Wote."

Mayunga akatoa simu mfukoni, akapiga. Sauti ya Maganga ni kubwa kama mwenyewe. Hata mimi niliyekuwa mguuni mwa kitanda niliisikia.

"Mwangaluka, kaka," Mayunga akamwamkia. "Nataka nije Migato niwachukue. Tunamrudisha mama."

Maganga akamwuliza swali lake lile lile, abiria au mzigo.

Mayunga akajifuta uso, grisi ikambaki shavuni. "Ndugu," akasema.

Nikachukua birika langu nikatoka nje, maana sikutaka anione nalia kwa sababu ya springi.