Fundi wa Mashua ya Endebess

Mwaka wa arobaini na sita, mzungu mmoja wa Endebess aliletewa mashua kuukuu ya tanga kwa reli mpaka Kitale. Aliiweka ghalani, akamwita fundi seremala kutoka Matulo aipake vanishi upya ndani kabla haijapelekwa ziwani. Kila Nekoye, mpishi wa shamba, alipompelekea chai, alimkuta fundi amepiga magoti akikwangua vanishi ya zamani kwa kipande cha kioo, kisha akipitisha kiganja juu ya ubao polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Watu walijua kwamba mwana wa pekee wa fundi huyo alikufa vitani, meli ilipozama. Yeye mwenyewe hakumtaja.

Siku ya mwisho Nekoye hakusikia mkwaruzo wa kioo. Alichungulia, akamwona fundi amelala chali kwenye kitanda cha mbao ndani ya mashua, alichokipaka asubuhi ile, macho wazi.

"Mzee, si hiyo vanishi bado ni mbichi?"

"Najua, mama. Nilitaka tu kuona mahali mtu analalanga akiwa kwa maji. Ni padogo sana. Na yeye alikuwa mrefu."

Nekoye aliweka chai chini, akaingia, akamsaidia kubandua shati lililonata ubaoni.