Nahodha Ndiye Anayefua

Mdogo wangu ni kinyozi, na ukimkuta kazini utasema mtu huyu hawezi kumkemea hata kuku. Anaongea taratibu, anamuuliza mteja kila mara kama mashine haimchomi. Jioni akishafunga, anakwenda kiwanja cha nyuma ya maghala kufundisha vijana mpira, na hapo ndipo ugomvi wake na nusu ya mtaa ulipoanzia. Mimi cherehani yangu iko barazani pake, kwa hiyo malalamiko yote yalinifikia mimi kwanza.

Chanzo ni sheria yake moja: nahodha ndiye anayefua jezi za timu nzima. Si mama yake, si dada yake. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. "Anayewaongoza wenzake lazima ajue jasho lao linanukaje," alisema, na hakutaka mjadala. Wazazi walikuja juu. Baba mmoja alinisimamia mbele ya cherehani, "Mwanangu ni mshambuliaji, hata akipewa unahodha si dobi!" Nikamwambia, "Kaka, mimi nashona zipu. Mwenye timu yumo ndani."

Huyo ndiye baba yake Kombora. Mpira mtoto anaujua, usiniulize! Ila kosa halijawahi kuwa lake hata siku moja. Akikosa goli, ni viatu. Akipoteza pasi, kiwanja kina mashimo. Akichelewa mazoezi, saa ya kwao imelala. Na wiki ya fainali mdogo wangu si akampa huyo huyo unahodha!

"Una wazimu?" nikamuuliza.

"Dada, kombe silitaki. Nataka huyu mtoto aseme mara moja tu, 'Ni mimi niliyekosea.' Akikua bila kulisema hilo, nitakuwa nimemfundisha kupiga mashuti, basi."

Siku ya fainali Kombora akaja na mfuko wa jezi, kichwa chini. Alipoumwaga, jamani! Jezi nyeupe zote zimekuwa za pinki, nyingine zina madoa kama ugonjwa wa ngozi. Vijana wakapigwa na butwaa. Wapinzani wao upande wa pili walishaanza kushika mbavu.

"Nani kafanya hivi?" golikipa akafoka.

Baba yake Kombora akawahi kujibu, "Sabuni za siku hizi hizo! Feki tupu!"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameshika pampu ya mpira na hapumui. Ningekuwa mimi, ningemsukuma yule mtoto mgongoni, sema basi! Yeye hakutikisika.

Kombora akamtazama baba yake, akazitazama jezi.

"Si sabuni, baba. Ni mimi. Niliziloweka pamoja na pazia jekundu la mama ili nimalize haraka nikacheze gemu. Ni mimi niliyekosea. Nisameheni." Akachukua ile yenye madoa mabaya kuliko zote, akaivaa.

Golikipa alimkodolea macho, kisha kicheko kikamtoka. "Haya, leo sisi ni maua! Vaeni tukacheze!"

Basi mpira ukapigwa, wee! Sauti ilinikauka kwa kupiga kelele. Dakika za mwisho, tumefungwa mawili kwa moja, Kombora akabaki yeye na golikipa wa wapinzani, akapaisha mpira juu ya maghala. Hakutazama viatu. Akainua mkono kwa wenzake, "Kosa langu hilo!" wakamkimbilia na kumpiga piga mgongoni. Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana wangu wa pinki walitoka wanaimba, ungedhani kombe wamechukua wao. Hata baba mtu alikuwa anapiga makofi, ingawa kwa aibu aibu.

Mdogo wangu sikumwona. Nikamtafuta, nikamkuta amekaa chini nyuma ya ghala, anafuta macho kwa taulo la kunyolea.

"We! Umefungwa, halafu unalia kwa furaha?"

"Dada, ulimsikia lakini?"

"Nilimsikia. Kiwanja kizima kilimsikia."

"Alisemaje? Hebu nisemee tena."

Siku nyingine ningemwambia aache utoto. Siku hiyo nilikaa kando yake kwenye vumbi, na sketi yangu mpya, nikamsemea tena.